Njia ya Duara ya Kumkomboa Binti Yetu

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwa saa ya mfukoni niliyoinunua Lindi, muuza tumbaku alipotua mzigo wake barazani kwangu Newala na kusema kwamba amemwona binti yetu. Yeye mwenyewe hakujua kuwa ni binti yetu. Alikuwa akisimulia tu safari yake ya bonde la Ruvuma, nani amevuna mtama na nani hakuvuna, akataja nyumba moja mbali upande wa juu wa mto, ambako msichana mwenye kovu la moto tangu kiwiko hadi kiganja cha mkono wa kushoto alimpa maji ya kunywa. Mke wangu alikuwa uani akitwanga muhogo. Mchi ukanyamaza. Nilimwomba yule mtu aseme tena, polepole, na mara ya pili niliandika.

Wakati wa vita vya Maji nilikuwa Lindi, nimepeleka mpira wa porini tulioununua kwa wagemaji wa huku uwandani. Nilikamatwa huko, nikapewa mzigo wa risasi niubebe nyuma ya askari, na mizigo ya namna hiyo niliibeba mpaka mvua mbili zikapita. Huku nyuma mashamba yalichomwa na maghala yalichomwa. Njaa ilipofika, watu wa uwanda wa Makonde walikula ming'oko, vile viazi vya porini, na hata hivyo vilikwisha karibu na nyumba, ikabidi kuvifuata mbali kwa miguu isiyo na nguvu. Mke wangu alikuwa na mtoto wa kunyonya, na maziwa yalikuwa yamekauka. Kaka yake akamchukua binti yetu mkubwa, akashuka naye bondeni ambako mtama ulikuwa umepona, akamweka rehani kwa mtu mmoja, akarudi na mizigo mitatu ya mtama.

Niliporudi nilimkuta mke wangu hai na mtoto hai, nikaelezwa walivyopona. Sikumlaumu mtu. Bila mtama ule ningekuta makaburi, kama kungekuwa na mtu wa kuyachimba. Tena kwetu Wayao na kwao Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye amri juu yake ni mjomba. Baba humlisha, humvika, humfundisha adabu. Kumweka rehani au kumkomboa si kazi ya baba.

Nilimuuliza shemeji yangu binti yuko kwa nani na wapi. Alinitajia mtu, lakini akasema kwamba baada ya njaa mtu yule alihama na watu wake wote, naye hajui alikohamia. Basi mimi na mke wangu tulianza kuweka fedha ya kukombolea huku tukiuliza kila mpitaji. Tulikuwa katika hali hiyo muuza tumbaku alipokuja.

Jioni ile ile nilianza kupanga safari. Mimi sikusoma kwa mwalimu ila Kurani. Herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwa kulinganisha maandishi ya magunia na ya makasha ya Lindi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupima kabla ya kutenda. Shida yangu ya kwanza ilikuwa miguu ya shemeji. Funza walikuwa wamemla vidole vitatu vya mguu wa kulia na kimoja cha kushoto, na wakati wa njaa vidonda viliingia ndani zaidi kwa kukosa mtu mwenye subira ya kuwatoa. Lakini ilikuwa lazima aende. Ningekwenda peke yangu na fedha mkononi, mwenye rehani angenikaribisha, angenipa chakula, na asubuhi angeniaga. Fedha ya kumkomboa mtoto haipokewi kwa baba.

Anayeijua Newala anajua kwamba mji uko ukingoni, na chini yake ardhi imekatika kama imechinjwa. Maji hakuna huku juu. Wanawake hushuka genge alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa kali. Shemeji angeweza kushuka njia hiyo kwa kukaa na kuteleza penye ubaya. Kupanda asingeweza, na mimi sikuweza kumbeba. Lakini nyumba ile ilikuwa mbali upande wa juu wa mto, kabla ya kufika Lupaso, na kutoka huko ni karibu zaidi kwenda mbele hadi Masasi kuliko kurudi nyuma. Na kutoka Masasi, njia ya Chiwata huupanda uwanda kwa mgongo mrefu usio mkali. Nilichora kwa mkaa juu ya karatasi iliyofungia majora ya nguo: kushuka kusini, kufuata bonde kuelekea magharibi, kupinda kaskazini hadi kwenye majabali ya Masasi, kupanda Chiwata, na kurudi nyumbani juu kwa juu. Mstari ulijifunga, ukawa duara.

Duara hilo lilikuwa na mahali pengi nisipopajua. Nilikwenda kukaa kwenye kichwa cha njia ya maji nikawauliza wanawake wakipumzika: korongo lipi lina chemchemi wakati wa kiangazi, mahali gani jiwe linateleza, wapi simba wamesikika. Kila swali nililiuliza mara mbili kwa watu mbalimbali, na majibu yasiyopatana nikayatia alama. Walinicheka. Mmoja, aliyekuwa rafiki wa mke wangu, aliniambia kwa utani, "Mwalimu, mlima huu tunaupanda kila siku na mitungi kichwani, wala hatujauandika." Mwenzake akasema nisisahau kuandika na jina la mama yake huyo mlima, maana nauliza kama mtu anayeposa. Lakini walinijibu. Rafiki wa mke wangu alishuka nami mpaka chini siku moja, akanionyesha mahali ambapo mtu mwenye miguu mibovu angeweza kushika mizizi.

Shemeji nilimfanyisha mazoezi. Kila asubuhi nilimtoa funza kwa mwiba na kumpaka mafuta ya nyonyo, na jioni alitembea ukingoni akiwa amevaa ndara nilizomshonea kwa ngozi ngumu, na pamba kwenye nafasi za vidole. Siku ya kwanza alifika mwisho wa mashamba ya jirani. Siku ya ishirini hivi alikwenda na kurudi bila kukaa. Alikuwa mtu wa mzaha hata katika maumivu. "Shemeji," aliniambia, "mama alinifundisha kutembea kwa bure. Wewe unanilipisha jasho." Nilimwonyesha karatasi na kumweleza kila kituo, naye aliuliza vizuri: maji ya hapa ni ya kuchimba mchangani au ya kuchota, hapa tutalala juu ya jiwe au mtini. Juu ya nyumba ile yenyewe, tutafikaje, tutaanza na maneno gani, hakuuliza kitu. Nilidhani ni aibu.

Tulingoja mvua ziishe, nyasi zikauke na makorongo yapungue. Mke wangu alitaka kwenda. Nilimwambia kwamba mtoto mdogo hataweza, na kwamba kuna kazi nyingine hakuna awezaye kuifanya ila yeye: sehemu ya mwisho ya duara, juu ya uwanda kutoka Chiwata, haina tone la maji, na sisi tutakuwa tumechoka na tuna msichana. Tulikubaliana siku na mahali. Angekuja kutupokea na vibuyu vya maji kwenye mti mkubwa uliokatwa, njia panda ya Chiwata. Alikubali bila kubishana. Akasaga makopa, akatufungia chumvi.

Juu ya safari yenyewe sina mengi ya kusema, kwa sababu ilikwenda kama ilivyoandikwa. Chemchemi zilikuwepo mahali pake. Kwenye genge shemeji alikaa, akateleza, akashika mizizi ile ile. Chini bondeni joto lilikuwa la namna nyingine, zito, na mabua ya mtama yalikuwa marefu kuliko sisi. Tulipita vijiji vilivyokuwa na nguzo nyeusi tu za nyumba, na nyumba mpya zilizojengwa kando yake. Mahali ambapo wanawake hawakupatana nilikuta kwamba wote walisema kweli: kulikuwa na visima viwili. Nilifurahi kwa jambo hilo dogo, na naikumbuka furaha hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa umri wangu, anapura mtama pamoja na dada yake mkubwa. Walitupokea vizuri. Wakatutandikia mkeka, wakaleta maji, wakauliza habari za huku juu, nani amekufa na nani amebaki. Kisha dada akaita, na binti yetu akatoka nyuma ya nyumba.

Alikuwa amekua. Amevaa kaniki mpya na kichwa kilikuwa kimenyolewa, nywele zinaanza kuota. Alipiga magoti mbele yangu na kusema shikamoo baba, nami nikaitikia marahaba. Akamgeukia shemeji.

"Shikamoo, mjomba. Nani anakutoa funza siku hizi?"

"Baba yako," alisema shemeji. "Mkono wake mzito."

Yule dada mkubwa, akiwa bado ameshika ungo, alisema bila ukali, "Mwanangu, mjomba wako ni huyu hapa." Akaonyesha kwa kidevu upande wa kaka yake.

 Mtoto akaenda kuvunja mwiba kwenye ua, akarudi, akaketi chini, akauweka mguu wa shemeji juu ya paja lake na kuanza kumtoa funza, kama alivyokuwa akifanya kwetu tangu ana miaka sita. Maneno yote yaliyofuata yalisemwa juu ya kichwa chake, naye hakukiinua.

Shemeji alitoa kitambaa cha fedha, akakiweka kwenye mkeka, akasema maneno yanayosemwa: tulikuja na njaa mkatusitiri, leo tumekuja na shukrani, tunaomba mtoto wetu. Mwenye nyumba hakukigusa. Alisema, taratibu kabisa, kwamba mtoto amechezwa. Unyago ulifanyika baada ya mavuno ya mwaka uliopita, pamoja na wasichana wawili wa ndugu zao. Siku ya kuwatoa wari, kila mwari husimamiwa na mjomba wake, na huyu alihitaji wa kumsimamia.

"Nilimtuma mpwa wangu mpaka kwenu," alimwambia shemeji. "Alikukuta shambani. Alikwambia tunamcheza mtoto, njoo usimame. Akarudi akasema umesikia."

Nilimtazama shemeji. Wakati huo mimi nilikuwa Lindi na mpira, kwa hiyo sikujua kwamba mtu yeyote alifika. Alijua walikohamia. Alijua siku zote nilizokuwa nikiuliza wapitaji.

"Nilisikia," alisema. "Nilifikiri mtaningoja."

"Tukungoje hadi lini?"

"Nani humcheza mtoto wa watu bila mjomba wake?" Sauti yake haikupanda. Kisha akaeleza, akiwaelekea wao lakini akinieleza mimi. Angekwenda kusimama unyagoni bila fedha, angekuwa mjomba anayemsimamia mwari aliye rehani katika nyumba ya mwingine, na hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Alihesabu kwamba asipokwenda, hawataweza kumcheza. Na asipochezwa atabaki mtoto, na mtoto hukombolewa. Kwa hiyo alinyamaza, hata kwetu, akangoja fedha yetu itimie.

Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu yeyote wa kwetu angeihesabu hivyo hivyo kabla ya vita. Alichosahau ni kwamba vita na njaa vilipita bondeni pia, vikaua.

Dada mkubwa aliweka ungo chini. "Tulizika wasichana watatu," alisema. "Ukoo wetu ulibaki na wanaume na mimi, nami nimekwisha kuzaa. Mlituletea mtoto, hamkuonekana. Tulimwita mjomba wake, hakuja. Kaka yangu akasimama. Rehani ilikuwa ya mtoto yule wa njaa. Huyu ni mpwa wetu, na watoto atakaozaa ni wetu. Mnataka kumkomboa nani?"

Nilisema, ingawa haikuwa nafasi yangu, kwamba kama fedha ni ndogo nitaongeza, nipewe muda. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Baba mtoto, sisi na wewe hatuna ugomvi. Utakuja kumtazama utakapo. Karibu ule."

Shemeji alinyoosha mkono, akakisukuma kitambaa cha fedha kuelekea kwangu juu ya mkeka. Ndivyo alivyokubali. Mtoto akamwambia asitikisike, maana bado kuna mmoja mkubwa kisiginoni.

Asubuhi binti yetu alitusindikiza hadi mwisho wa shamba la mtama, amebeba kichwani chungu cha uji wa kunywa njiani. Nilimwambia kwamba mtoto mdogo sasa anatembea na anaiba karanga. Alitabasamu. Akauliza mama alisema nini tulipoondoka.

"Alisema uje."

 "Mwambie nimechezwa," alisema. Kisha akapiga magoti, akaamkia, akarudi kwa njia ya katikati ya mabua. Sikuweza kumfuata kwa macho kwa muda mrefu, kwa sababu mabua yalikuwa marefu.

Tulikwenda mbele, maana duara halikuwa na njia nyingine. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinifanya nipange tena. Masasi ilikuwa njiani. Masasi kulikuwa na akida, na serikali ilikuwa imekataza watu kuwekana rehani. Ningeingia, ningesema, na askari wangekwenda kumleta binti yangu kwa siku chache tu. Nilimwambia shemeji jambo hili tulipoyaona majabali ya Masasi mbele yetu, mekundu kwa jua la jioni.

Alikaa juu ya jiwe, akavua ndara. "Nenda, shemeji," alisema. "Nitakungoja hapa hapa. Sitakimbia, na hata nikitaka siwezi."

Alijua ninachojua. Swali la kwanza la akida lingekuwa nani aliyemweka mtoto rehani. La pili lingekuwa mtu huyo alikuwa wapi wakati wa Maji. Na shemeji alikunywa maji yale ya dawa ya vita, kama nusu ya wanaume wa huku walivyokunywa, na watu walikuwa wamenyongwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilijaribu kuwaza kurudi kwa mke wangu nikiwa na binti yake mkononi na kaka yake kamba shingoni. Nilijaribu kuwaza binti mwenyewe, anatolewa na askari katika nyumba iliyomcheza. Sikuweza kupata njia ambayo watu wote watafika. Tulilala nje ya mji, na alfajiri tulipita kando ya bendera ya akida kama watu wasio na shauri.

Mgongo wa Chiwata haukuwa mkali. Shemeji aliupanda mpaka juu bila kushikwa.

Mke wangu alikuwapo kwenye mti uliokatwa, siku ile ile tuliyokubaliana, na mtoto mgongoni na vibuyu vyote vimejaa. Alikuwa amekuja na kaniki mpya, imekunjwa. Alituona wawili tangu mbali, kwa hiyo alikuwa na muda wa kuelewa. Tulipofika alimpa kaka yake maji kwanza, kisha mimi. Aliuliza kama binti yuko hai. Nikasema yuko hai, amekua, ana afya, na nikampa ujumbe kama nilivyopewa.

 Akauliza, "Nani alisimama?"

"Mwenye nyumba," nilisema.

Alimgeukia kaka yake, akamtazama muda mrefu, na kaka akatazama miguu yake. Hakumuuliza kitu, wala hajamuuliza hadi leo. "Basi ana mjomba," alisema. Akafunga vibuyu, akambeba mtoto vizuri, akatangulia njia.

Tangu siku ile shemeji hali tena nyumbani kwetu. Chakula chake mke wangu humpelekea mwenyewe, humwekea mlangoni, na kila asubuhi mimi huenda kumtoa funza, kazi tunayoifanya bila maneno mengi. Bondeni nimekwenda mara mbili kumtazama binti, nimepokewa vizuri mara zote mbili. Mke wangu hajakwenda. Anasema kwamba mama wa mwari ni yule aliyekuwapo akichezwa.

Msimu wa kodi ulipofika, jumbe alipita na karani wa akida nyumba kwa nyumba. Shemeji hakuwa na kitu, na asiyelipa hupelekwa kazi ya barabara, na kwa miguu ile angefia huko. Mke wangu ndiye aliyeleta kile kitambaa cha fedha ya kukombolea, akakifungua mbele ya karani mwenyewe. Alilipa nyumba zote mbili, yetu na ya kaka yake, rupia sita. Zikabaki rupia tisa na hela arobaini.